Ekografi peke yake haiwezi kuhukumu mwanamuke

Mwanamuke anatoka ku ekografi. Mu mukono iko karatasi moja, na ku ile karatasi kuko maneno mbili ya Kifaransa: ovaires polykystiques. Hakuna mutu mwenye alimufasiria. Mwenye alipima aliandika, akatia muhuri, akaita mwengine. Ku nyumba, wifi anasoma, anasema: "Makiste! Njo maana hazae." Mangaribi mama mukwe ameisha kujua. Kisha siku tatu jamaa yote inajua. Mwisho wa mwezi, bwana anaanza kuchelewa kurudia nyumbani.

Ile habari haiko ya mutu mumoja. Tumeisikia Katuba, tumeisikia Kenya, tumeisikia Ruashi, na wasomaji wetu wa Likasi na Kolwezi watasema ni ya kwao. Leo tunataka kusema jambo moja: ile karatasi haiko hukumu. Ni mwanzo wa maulizo. Na kama maulizo hayaulizwe, kosa haliko la mwanamuke.

Sisi hatuko wanganga. Tuko watu wa gazeti. Lakini tumesoma kanuni zenye wanganga wenyewe wanafuata, na tumeona kama kati ya zile kanuni na mambo yenye inafanyika mu kartiye zetu, kuko shimo kubwa. Mu ile shimo njo wanawake wanaanguka, na feza zao, na ndoa zao.

Makiste yenye haiko makiste

Jina la ugonjwa njo linaleta fujo ya kwanza. Kwa Kifaransa wanaita syndrome des ovaires polykystiques, kwa kifupi SOPK. Wanganga wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika juu yake mu mwaka wa 1935, kisha kufuata wanawake saba wenye mwezi wao haukukuwa unakuja vizuri na wenye ovari zao zilikuwa kubwa. Ile habari ya makiste ikabakia mu jina, hata kama siku hizi wanganga wengi wanasema kama jina hilo linadanganya watu.

Linadanganya namna gani? Mutu akisikia kiste, anawaza uvimbe wa maji wenye inaomba kupasua. Hapa haiko vile. Kila mwezi, mu ovari, vifuko vidogo-vidogo vyenye kubeba mayai vinaanza kukomaa. Kwa kawaida kimoja kinapita vingine, kinapasuka, yai linatoka. Kwa mwanamuke wa SOPK, vingi vinaanza, lakini vinasimama njiani. Ku ekografi vinaonekana vimejipanga pembeni ya ovari kama shanga mu kamba. Ni mayai yenye inangojea. Haiko uvimbe, na hakuna kitu cha kuondoa.

Na kwa nini vinasimama? Juu ya homoni. Mwili wa kila mwanamuke unatengeneza homoni za kiume kidogo. Kwa SOPK, zinapita kipimo. Kwa wengi kuko tena mambo ya insulini, ile homoni yenye inapanga sukari mu damu. Mwili hauiitikie vizuri, basi unatengeneza mingi zaidi, na ile insulini mingi inasukuma ovari zitengeneze homoni za kiume zaidi. Njo maana wengine wanaota ndevu ku kidevu, wengine chunusi haziishe hata kisha miaka 30, wengine nywele za kichwa zinapunguka, wengine shingo inakuwa nyeusi na nzito kama haikuoshwa. Imeoshwa. Ni insulini. Na mara mingi inatembea mu jamaa: mama, dada, binti. Haiko ulozi wa shangazi, na haiko malipizi ya dawa zenye binti alikunywa zamani.

Haiko tena ugonjwa wa watu wachache. OMS inahesabu kama unapata karibu wanawake 10 mupaka 13 kati ya 100 wenye umri wa kuzaa, na kama mupaka 70 kati ya 100 wenye kuwa nao hawajue. Mu kila kwaya ya kanisa, mu kila likelemba ya wamama, iko mumoja ao wawili.

Mambo tatu, na mbili inatosha

Sasa, munganga anajua namna gani? Mu mwaka wa 2003, wanganga walikutana Rotterdam, mu Uholanzi, wakapanga kanuni yenye ingali musingi mupaka leo. Kwa mwanamuke mukubwa, inaomba mambo mbili kati ya tatu.

Ya kwanza: mwezi haukuje vizuri. Kutoka mwezi mumoja mupaka mwengine inapita siku 35, ao inakuwa chini ya siku 21, ao mu mwaka muzima mwezi unakuja chini ya mara nane.

Ya pili: alama za homoni za kiume, zenye kuonekana ku mwili, sawa vile ndevu na chunusi, ao zenye kuonekana mu damu ku labo.

Ya tatu: ovari zenye vifuko vingi ku ekografi. Tangu kanuni za mwaka wa 2023, kupima mu damu homoni yenye inaitwa AMH kunaweza kukamata fasi ya ekografi kwa mwanamuke mukubwa.

Wasomaji wahesabu pamoja na sisi. Ekografi ni moja tu kati ya tatu. Mwanamuke mwenye mwezi wake unakuja kila siku 28, hana alama za homoni za kiume ku mwili wala mu damu, lakini ekografi imeonyesha vifuko vingi: huyo hana SOPK. Wanawake wengi wazima, zaidi sana vijana, wako na ovari za vile na wanazaa bila shida. Na mwenye iko na jambo la kwanza na la pili pamoja, yeye hata ekografi haimuombe tena ili ugonjwa ujulikane. Feza yake ibakie mu mufuko, ao iende ku vipimo vyenye vinafaa zaidi.

Juu kuko vipimo vingine vyenye haviruke. Mbele ya kusema SOPK, munganga anapaswa kuondoa magonjwa mengine yenye kufanana nayo. Kwanza kabisa, mimba: mwezi haukukuja, tuone kama haiko mimba. Kisha tezi ya shingo, kwa kupima TSH. Kisha prolaktini, ile homoni ya maziwa, yenye ikipanda inasimamisha mwezi hata kwa mwanamuke mwenye hanyonyeshe. Kisha ugonjwa mumoja wa tezi za juu ya figo wenye mutu anazaliwa nao. Kila moja ya ile iko na dawa yake, na dawa ya moja haiponyeshe ingine.

Kwa wabinti, tuangalie mara mbili. Mu mwaka wa kwanza wa kuona mwezi, ni kawaida mwezi usipangike. Kanuni za leo zinasema kama ekografi isitumiwe kutafuta SOPK mbele ya miaka nane kupita tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu karibu kila binti angeonekana mugonjwa. Kwake yeye inaomba mambo mbili za kwanza, zote mbili. Kuambia binti wa miaka 15 kama "hautazaa" juu ya ekografi, ni kosa, na ni kosa lenye analibeba mupaka ku ndoa yake.

Munganga muzuri, basi, anaanza na kinywa mbele ya mashini. Anauliza: mwezi wa mwisho ulikuja siku gani? Na ule wa mbele? Anaangalia kidevu, shingo, tumbo. Anapima kilo, anapima tansio, anapima sukari mu damu. Kipimo chenye kinaona vizuri zaidi ni cha kukunywa maji yenye gramu 75 za glukozi na kupima tena kisha saa mbili. Na anauliza kama mama analala usiku, kama analia, kwa sababu huzuni nzito na wasiwasi vinafuata huu ugonjwa sana, na kanuni zinaomba kuulizia hiyo pia.

Mambo yenye tunafanya fasi ya kupima

Sasa tuseme yenye tunaona.

Mwanamuke anaenda ku dispanseri, anasema: mwezi haukuje, mimba haikamate. Wanamuambia: "Ni infection." Anapewa antibiotiki. Mwezi wenye kufuata, tena infection, tena antibiotiki, na sindano. Tunajua mama mumoja wa Katuba mwenye alichunga ordonansi zake mu mufuko wa plastiki: za miaka ine. Antibiotiki za namna nyingi. Hakuna hata karatasi moja yenye kuandikwa TSH, na hakuna mutu mwenye alimuuliza mwezi wake unakuja mara ngapi mu mwaka.

Tusidanganye: infection iko. Mu Afrika ya kati, magonjwa ya zinaa yenye hayakutunzwa vizuri yalifunga mirija ya wanawake wengi, na njo moja ya sababu kubwa za kukosa watoto kwetu. Lakini njo sababu moja zaidi ya kupima. Mirija inaangaliwa ku radio yenye wanatia dawa kupitia tumbo la uzazi. Infection inatafutwa ku labo. Haitabiriwe kwa kuangalia mutu ku uso.

Wengine wanapasuliwa. "Tutatosha makiste." Tumesema: hakuna kiste ya kutosha. Kukata ovari bila sababu kunaweza kupunguza mayai yenye kubakia na kuacha makovu yenye yanafunga njia ya yai. Mwanamuke aliingia na shida moja, anatoka na mbili, na deni.

Wengine wanaenda ku mufumu, wengine ku vyumba vya maombi. Hatukatae maombi, wengi wetu tunaomba. Lakini mutu mwenye anaambia mwanamuke atupe vidonge vyake ili imani yake ionekane, huyo amebeba muzigo wenye hajui uzito wake.

Na bwana je?

Hapa njo tunasikia haya zaidi, juu hapa ni sisi wanaume. Ndoa haizae; nani anaenda kupimwa? Bibi. Anapimwa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bwana anasema: "Mimi niko muzima, mbona niko na nguvu." Nguvu ya kitanda na mbegu ni mambo mbili tofauti. Spermogramu ni kipimo chepesi: bwana anajizuia siku mbili mupaka saba, anatoa mbegu mu kikopo, labo inahesabu. Haiumize, haipasue, na bei yake ni kidogo sana kuliko safari zote za bibi.

Munganga mwenye anamupatia bibi dawa ya kukomesha mayai bila kuona spermogramu ya bwana, anaweza kutumika miezi sita bure. Mukwe mwenye anafukuza bibi wa mutoto wake, bila mutoto wake kupimwa, anaweza kuleta bibi wa pili na wa tatu, na nyumba ikabakia kimya vilevile. Tumeona hiyo pia.

Dawa iko

Watu wanauliza: SOPK inapona? Jibu la haki: haiondoke kabisa, lakini inaongozwa, sawa vile tansio inaongozwa. Na mara mingi mwanamuke mwenye iko nayo anazaa. Ovari zake haziko kavu. Ziko na mayai mengi. Inaomba tu kusaidia moja litoke.

Matunzo inafuata lenye mwanamuke anataka. Kwa wote, chakula na kutembea. Kwa mwenye kilo zimepita, kupunguza hata kilo tano kwa kila mia za uzito wake kunaweza kusaidia mwezi urudie. Hatuseme mutu aache bukari. Tunaseme apunguze kibumba, aongeze sombe, lengalenga na maharagi, apunguze mafuta ya kukaanga, na sucré aichunge siku ya sikukuu. Lakini munganga asimutukane. "Upunguze unene, kisha urudie" haiko matunzo. Na wako wanawake wembamba wenye SOPK.

Kwa mwenye hatafute mimba sasa, vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni mbili vinapanga mwezi, vinapunguza chunusi na ndevu. Kwetu vile vidonge vinaogopewa: "vitamukausha." Havikaushe. Kuko wenye hawapaswi kuvikunywa, sawa mwenye tansio ya juu ao mwenye alipata damu kuganda, njo maana munganga aulize kwanza. Lakini kuacha mwanamuke miezi na miezi bila mwezi haiko muzuri. Ngozi ya ndani ya tumbo la uzazi inakomaa bila kutoka, na kisha miaka inaweza kugeuka kansere. Inafaa mwezi ukuje hata kila miezi tatu, kwa dawa kama inaomba.

Metformini, ile ile ya wagonjwa wa sukari, inasaidia mambo ya insulini, na kwa wengine inarudisha mwezi.

Kwa mwenye anatafuta mutoto, dawa ya kwanza siku hizi inaitwa letrozoli. Inakunywewa siku tano, mwanzo wa mwezi, kisha kuhakikisha hakuna mimba, na munganga anafuata. Mu utafiti mukubwa wa Marekani wenye ulitoka 2014, kwa wanawake 750 wenye SOPK, wenye walikunywa letrozoli walizaa karibu 27 kati ya 100; wenye walikunywa klomifene, ya zamani, 19. Tunajulisha jambo moja: letrozoli ilitengenezwa kwa kansere ya matiti. Mwanamuke akisoma karatasi ya mu kartoni, anashituka, anawaza wanamufichia kansere. Munganga amuambie mbele. Dakika mbili zinatosha. Na klomifene, kama njo yenye iko mu farmasi, ingali dawa. Iko hata ku liste ya OMS ya dawa za lazima. Lakini mutu asiinunue ku soko kwa shauri la jirani: dawa za kukomesha mayai zinaweza kuleta mapacha, na zinaomba kufuatwa.

Kama ile yote inashinda, njo kuko sindano za homoni, operasyo ya matundu madogo ku ovari kwa wenye munganga wa ujuzi amechagua, na kule mwisho kabisa mimba ya labo, yenye ni ya bei kali na yenye wengi wetu hatutaiona. Lakini muangalie: wengi hawafike kule. Wanasimamia ku kidonge.

"Feza iko wapi?"

Tunajua watatujibu nini. Inchi iko na malaria, iko na kipindupindu, iko na vita. Na ninyi munatuletea mambo ya mwezi wa wanawake? Tunajibu: kuuliza tarehe ya mwezi haiombe dola. Kupima tansio haiombe mashini mupya. Kuandika kalenda, kila mwanamuke anaweza. Antibiotiki za bure na operasyo za bure njo zilikula feza. Na mwenye ana SOPK iko na hatari zaidi ya diabeti na tansio. Ukimukamata ku miaka 25, hautamutunza ku miaka 45 na vidonda ku mugulu.

Mu mwezi wa tisa wa 2023, Serikali ilianzisha mupango wa kuzalisha bure, kuanzia Kinshasa. Ni jambo muzuri, tuliliandika na tulilisifu. Lakini tuulize: mwenye anazaa anafikiriwa; mwenye hazae, nani anamufikiria? Hatuombe mimba za labo za bure. Tunaomba mambo matatu. Wakubwa wa afya wapatie infirmiers wa centres de santé karatasi moja yenye kuandika zile kanuni, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Hospitali kubwa zipange siku moja ya juma kwa wanandoa wenye hawazae, bwana na bibi pamoja, mulango mumoja. Na mwenye anapima ekografi asimupatie mwanamuke karatasi bila kumuambia kama haiko mwisho wa mambo.

Na kwa wewe mama mwenye uko na ile karatasi mu sakoshi, chukua kalenda leo, andika siku mwezi wako ulikuja. Urudie kwa munganga, umuulize: mumeangalia mambo tatu zote? Mumepima tezi na prolaktini? Sukari yangu iko ngapi? Na bwana wangu anapimwa siku gani? Kama anakasirika juu ya maulizo, tafuta mwengine.

Na sisi wengine, mama mukwe, wifi, bwana, jirani, tujifunze kufunga kinywa mupaka vipimo vitoke. Vyote, na vya wote wawili.